Njugu-Pilipili Nyeupe

"Mama, nani ameiteremsha hii ndoo?"

Justina aliuliza akiwa ndani ya stoo ya jikoni, na sauti yake haikuwa na wasiwasi wowote. Ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye mimba kubwa, aliyetaka tu kujua kwa nini kitu kimehamishwa. Aganetha Schroeder, mama mkwe wake, alikuwa akisugua trei za kuokea katika karai la maji moto. Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Ndoo gani?"

"Hii ya molasi, ya Kornels. Si ndiyo aliyomiminia ile dawa ya panzi iliyobaki, mfuko wake ulipoloa? Aliileta humu akaipandisha juu kabisa ili ng'ombe wasiinuse kule bandani. Sasa naikuta huku chini, bega kwa bega na sukari ya chai." Justina akacheka kidogo. "Na alivyoiandika SUMU kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama sahani! Hata panzi wenyewe wangesoma."

Aganetha hakucheka. Alitazama upande wa sauti, na kama kawaida, pale alipotazama hapakuwa na kitu. Kwa mwaka wa pili sasa doa la kijivu lilikuwa limekaa katikati ya kila alichokikazia macho: uso wa mtu, tundu la sindano, maneno ya kitabu cha nyimbo kanisani. Pembeni aliona. Aliona kona ya meza, aliona mlango, aliona sketi ya Justina ikitikisika. Kwa hiyo alitembea bila kujikwaa, akamimina kahawa kwa kusikiliza kikombe kinavyojaa, akaimba nyimbo kwa kichwa, na hapakuwa na mtu aliyejua.

"Labda mumeo mwenyewe kaishusha," alisema.

"Labda." Kigoda kikakwaruza sakafu. Justina akairudisha ndoo mahali pake, akihema kwa uzito wa tumbo, kisha akatoka na kwenda kukaa karibu na jiko. Akaanza kufuma soksi ya mtoto huku akivumisha wimbo puani.

Aganetha alibaki amesimama. Maji ya karai yalikuwa ya moto, lakini ubaridi ulikuwa umemwanzia kwenye vifundo vya mikono na ulikuwa unapanda.

Jana jioni sukari laini ya kunyunyizia ilikaribia kumwishia akiwa na trei ya mwisho. Justina alikuwa amelala, miguu imemvimba. Sukari ya akiba ilikaa rafu ya juu, ndani ya ndoo ya molasi iliyokwisha. Aganetha alilijua hilo kwa sababu yeye ndiye aliyeiosha ndoo hiyo. Akapanda kigoda, akapapasa, akaipata ndoo. Ilikuwa nzito. Hilo alilikumbuka sasa, na kulikumbuka kulimfanya ashike ukingo wa karai. Ilikuwa nzito kuliko sukari inavyopaswa kuwa, na unga wake ulipita vidoleni kwa haraka, ukaanguka bakulini bila kutimka. Alisimama pale jana akasita kidogo tu. Kisha akajiambia sukari imeshika unyevu, akachota kijiko, akachanganya na kile kilichobaki bakulini, akabingirisha njugu-pilipili za mwisho humo mpaka zikawa nyeupe kama mawe ya barafu.

Huku kwetu, kwenye uwanda wa theluji, kila shamba lina kitu chake cha Krismasi. Kina Ratzlaff huoka mkate wa zabibu, kina Voth hupika boga lililosagwa wakalitia ndani ya ganda la unga na siagi, na kwa kina Schroeder hutoka njugu-pilipili: vibiskuti vigumu, vidogo kama ncha ya kidole gumba, vyenye karafuu, mdalasini, kungumanga na shamari. Havina njugu, na pilipili yake ni ya kunusa tu. Watoto huvitia mfukoni wakavitafuna siku nzima. Asubuhi ile Kornels, mwanawe, alipakia vifuko kwenye gari, akaviacha nyumba baada ya nyumba akielekea mjini.

Na vile vyeupe, Aganetha mwenyewe ndiye aliyesema, wapewe wenye watoto wadogo. Watoto wanapenda vyeupe.

"Mama, mbona umenyamaza hivyo?"

"Nimechoka tu."

Angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimjia, na halikuja kama wazo baya. Lilikuja kama blanketi. Labda ilikuwa sukari kweli. Labda zilikuwepo ndoo mbili na mkono wake uliangukia ile njema. Alimfikiria Sara Buller, ambaye macho yalipozima wakwe zake walimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, wakampa donge la sufu, na tangu siku ile mpaka walipomzika hakuna aliyemruhusu kugusa sufuria. "Kaa, bibi, utaungua." Aliyasikia maneno hayo yakisemwa kwa upole, miaka na miaka, upole usiokuwa na mlango wa kutokea.

Lakini kila alipovuta pumzi, aliona mkono wa mtoto ukiingia ndani ya kifuko.

"Justina," alisema. "Panda tena juu. Tazama ziko ndoo ngapi."

"Za nini?"

"Panda, mwanangu. Tafadhali."

Kigoda kikakwaruza tena. Kisha sauti ya mfuniko ukibanduliwa, na mwingine.

"Mbili. Moja ya sukari, bado imefungwa kwa karatasi, haijaguswa. Na hii ya dawa." Justina akaisogeza karibu. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama. Humu ndani ya dawa kuna alama ya kijiko."

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nimewabingirishia watoto wa watu njugu-pilipili kwenye hiyo dawa."

"Si imeandikwa! Mama, imeandikwa mbele ya macho yako!"

"Sioni," Aganetha alisema. "Macho yamekufa, Justina. Nilikuwa nawaficha ninyi."

Justina aliteremka kutoka kigodani, akapita mbio karibu na mama mkwe wake, tumbo likimgusa mkono, mpaka kwenye simu ya ukutani. Akaushika mpini wake wa kuitia, akauzungusha bila kuuachia.

Laini yetu ilikuwa moja, ikipita mashamba yote ya barabara ile, na kila nyumba ilikuwa na mlio wake. Lakini mlio mmoja mrefu usiokatika ulikuwa wa kila mtu. Ulipigwa kwa moto, au kwa mtoto aliyepotea kwenye dhoruba. Aganetha akamsogelea, akasikia mikonga ya simu ikinyanyuliwa, kile kinong'ono cha waya unaofunguka nyumba kwa nyumba. Justina akafungua mdomo, akaishia kulia. Aganetha akamsogeza taratibu kando, akapapasa mpaka akakipata kipaza sauti.

"Haya, panaungua wapi?" Alikuwa Helena Ratzlaff, mwenye kudaka simu kabla ya watu wote, zake na zisizo zake.

"Hapaungui. Ni mimi, Neta Schroeder. Msile njugu-pilipili zangu."

Kicheko kikapita kwenye waya. "Umechanganya chumvi na sukari mwaka huu?" Helena akauliza. "Umechelewa, mama. Jakob wangu ameshazitwanga konzi nzima na kahawa yake."

"Nimechanganya sumu, Helena. Aseniki ya panzi."

Kicheko kilikatika. Mahali fulani, jikoni kwa mtu fulani, kijiko kilianguka sakafuni, na wote kwenye laini wakakisikia.

"Unasema nini wewe?"

"Sioni. Huu mwaka wa pili sioni, na sikusema. Nimechota ndoo isiyo yake. Ni zile nyeupe. Lakini msile yoyote, hata za kahawia. Waiteni watoto. Waangalieni mifukoni, waangalieni mdomoni."

Sauti zikaangukiana. Mama mmoja alikuwa akiita majina ya wanawe, akiliita la mmoja mara mbili. Helena alipiga kelele, "Jakob! Jakob, tema hicho kitu!" kisha akarudi akihema: zake zilikuwa kahawia tupu, alikuwa amezimwaga zote mezani, hakuna nyeupe hata moja. Mzee Voth alikohoa. Alisema wao wanazo nyeupe, lakini kifuko hakijafunguliwa. Amekifungia kabatini kwa sababu wajukuu wake ni wezi.

"Nyeupe nilifunga vifuko viwili," Aganetha alisema. "Kimoja ndicho hicho, Mzee Voth."

"Na cha pili?"

Alisubiri mtu mwingine aseme jina ili asilitamke yeye.

"Eva Koehn," alisema. "Eva! Uko kwenye laini?"

Waya ulivuma. Wote walijua na hapakuwa na haja ya kulisema: barafu ya mwezi uliopita ilikuwa imeangusha nguzo za kuelekea kwa kina Koehn, na simu yao ilikuwa bado imekufa.

"Mungu wangu," Helena alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Wale watoto wote."

Jakob Ratzlaff alisema atawasha gari lake amfuate daktari. Lakini barabara ya kwa kina Koehn ilizunguka mbali, na tangu Kornels apite asubuhi upepo ulikuwa umeifukia kwa theluji. Angefika, ila angechelewa. Kutoka kwa kina Schroeder, kwa kukata shamba, ndiko kulikuwa karibu.

Aganetha alikuwa ameshavaa koti la mwanawe.

"Huendi popote!" Justina alimshika mkono. "Nje kote ni kweupe, utapotelea humo. Nitakwenda mimi."

"Na tumbo hilo, juu ya barafu? Ukianguka?"

"Huoni, mama! Umesema mwenyewe sasa hivi!"

"Kuna seng'enge kutoka banda letu mpaka kwao. Nitaishika. Seng'enge haitaki macho." Akamwondolea vidole mkononi kimoja kimoja. "Wewe kaa kwenye simu. Mwambie daktari ni aseniki, aje na kila alicho nacho."

*

Nje palikuwa na upepo, na mwanga wa theluji ulimfutia hata kile kidogo alichokiona pembeni. Dunia yote ikawa doa moja kubwa jeupe. Alipapasa ukuta wa banda mpaka pembeni, akanyoosha mkono, akaikamata seng'enge. Akaenda.

Miba ya waya ilikula glovu yake nguzo baada ya nguzo. Alijifunza kuinua mkono kidogo, kuuteremsha, kuinua tena. Theluji ilimfika magotini, mahali pengine mapajani, na alipoanguka aliangukia upande wa waya ili asiuache. Hakuwa akisali kwa maneno. Alikuwa akisema tu, "Wasifungue. Wasifungue. Wasifungue."

Katikati ya shamba tumbo lilimkaza.

Alisimama. Maumivu yalikuja chini ya mbavu, yakajikunja, yakaachia. Jana, alipomaliza kubingirisha, alikuwa amelamba kidole. Alifanya hivyo kila mwaka maishani mwake, na bila shaka alifanya hivyo jana pia. Mate yalimjaa mdomoni. Kama kidole kimoja kinaweza kunifanya hivi, aliwaza, mimi mtu mzima, basi mtoto aliyekula kiganja kizima? Kisha akawaza kwamba pengine ni hofu tu, hofu nayo hukaza tumbo. Hakuwa na njia ya kujua. Alitapika kwenye theluji, akajifuta kwa mkono, akaitafuta seng'enge.

Haikuwepo.

Alizungusha mkono hewani. Akapiga hatua, akapiga nyingine, mikono mbele kama mtoto aliyefungwa kitambaa machoni mchezoni, na kila upande ulikuwa uleule mmoja. Mfereji, aliwaza. Hapa pana mfereji, waya unakatika na kuanza tena ng'ambo. Lakini ng'ambo ilikuwa wapi? Alikuwa amejizungusha alipotapika. Angeweza kuwa anarudi nyumbani. Angeweza kuwa anaelekea uwanda mtupu, ambako majira ya kuchipua ng'ombe wangekuja kuvumbua koti la mwanawe.

"Eva!" alipiga kelele. "Evaaa!"

Upepo uliichukua sauti na kwenda nayo.

Alijilazimisha kusimama kimya. Kusimama lilikuwa jambo gumu kuliko yote, maana kila kiungo kilitaka kukimbia. Akavua skafu, akaacha masikio wazi kwenye baridi, akasikiliza. Upepo. Damu yake mwenyewe. Kisha, mbali, upande ambao asingeufikiria kabisa, mlio wa chuma kikavu kikilalamika, kikinyamaza, kikilalamika tena. Pangaboi la upepo linalovuta maji ya kisima cha kina Koehn. Kila Jumapili kanisani watu walikuwa wakimtania Heinrich Koehn, mume wa Eva, kwamba alitie grisi kabla halijaamsha wafu. Aganetha akageuza uso kuelekea mlio ule, akashuka mferejini kwa makalio, akapanda ng'ambo kwa mikono na magoti, na akatembea kuufuata, kama mtu anayefuata uzi mwembamba asioweza kuushika.

*

"Bibi Neta! Peke yako? Kwa miguu?" Eva Koehn alimvuta ndani, akicheka kwa mshangao. Jikoni mlinuka nguo zinazokauka na maziwa. "Jamani, una damu mkononi! Keti, keti. Na asante kwa kifuko. Nilisema tusubiri mpaka mkesha wa Krismasi, lakini unawajua hawa, hawana adabu. Zile nyeupe wamezipigania kama paka."

Aganetha alimshika kwa mabega yote mawili.

"Nani amekula?"

"Aa, usiwagombeze, ni watoto..."

"Eva, zina sumu. Nimekosea, nimetia sumu ya panzi. Nani amekula, na amekula ngapi, na saa ngapi?"

Alihisi mabega yakigeuka mbao chini ya mikono yake. Eva hakupiga kelele. Akageuka na kusema kwa sauti nyembamba sana, "Peter. Tina. Njooni hapa."

Peter na Tina walikuwa wamekula moja moja. Nyingine, walisema, wangekula vipi, na Frieda ameiba kifuko chote akaingia nacho chini ya kitanda? Walikuwa bado na hasira naye. Mdogo wa mwisho alikuwa hana meno, hakupewa.

"Na Frieda yuko wapi?"

"Amelala," Tina akasema. "Tumbo linamuuma. Si ameiba, ndiyo adhabu yake."

Waliyoyafanya kisha waliyafanya haraka, na kwa muda huo angalau hapakuwa na nafasi ya kuogopa. Haradali ndani ya maji ya uvuguvugu, kikombe kwa kila mtoto, kichwa juu ya ndoo. Peter na Tina walilia wakatapika wakalia tena. Aganetha alimpakata Frieda. Alikuwa na miaka mitano na mwili wake ulikuwa mwepesi na wenye jasho la baridi, ukijikunja kila mara kama kitu kilichokunjwa na mkono. Hakuhitaji haradali. Alikuwa ameshaanza kutapika mwenyewe, na hakuweza kuacha.

"Ute wa mayai," Aganetha alisema. "Yote uliyo nayo. Upige na maziwa. Akitoa, tunampa mengine."

Eva alivunja mayai. Maganda yaliingia bakulini, hakuyatoa. Na hapo, akiwa amempa mgongo, akauliza, bila kupandisha sauti:

"Kwa nini ulipika?"

Aganetha alikuwa akimpangusa mtoto mdomo.

"Kama huoni, Bibi Neta. Tungekupikia sisi. Mwaka mzima tungekupikia. Kwa nini ulipika?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Aganetha alitafuta jibu. Alikuwa nalo asubuhi ile, kubwa na zito, na sasa alipolitafuta, mtoto akijikunja mapajani mwake, halikupatikana.

"Sijui tena," alisema.

Eva alimnyang'anya mtoto. Hakumfukuza. Alimpita tu kama mtu anavyopita kiti, na Aganetha akabaki na mikono mitupu, akimsikia Frieda akiomba maji, akipewa, akiyatoa. Alikaa hivyo, tumbo lake mwenyewe likimkata, asithubutu kulitaja, mpaka honi ya Jakob Ratzlaff iliposikika barabarani na daktari akaingia na mkoba wake na ubaridi wa nje.

*

Frieda hakufa. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kulisema hilo kwa sauti, na daktari alipoulizwa alitazama kofia yake. Kisha asubuhi moja mtoto aliomba uji, akauweka tumboni, na habari ikapita kwenye laini nyumba kwa nyumba bila mtu kupiga mlio wowote. Aganetha naye aliugua, kwa sababu ya kidole kile kimoja, akapona. Nyayo zilibaki na ganzi kama za mtu aliyevaa soksi za watu wengine.

Wanaume walikusanya njugu-pilipili zote za barabara ile, nzuri na mbaya. Ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi wawashe moto kwanza ndipo jembe lipenye, wakazifukia pamoja na ndoo. Kornels ndiye aliyechimba. Alikuwa hajala vizuri tangu siku ile.

"Ni mimi niliyeiweka jikoni," alimwambia mama yake.

"Uliiandika."

"Niliiweka jikoni, mama. Nani anaweka sumu jikoni?"

Hakuna aliyemwambia Aganetha akae karibu na dirisha. Hakuna aliyemwambia chochote. Kanisani watu walimsalimu kwa kumgusa kiwiko, wakitaja majina yao kwanza, "Ni mimi Helena, Neta," na Krismasi ile ikapita kwetu bila sahani hata moja kuvuka barabara. Justina akajifungua mvulana. Aganetha alimbeba alipopewa, hakuomba kumbeba.

Barafu ilikuwa imeanza kudondoka kutoka mapaani Heinrich Koehn alipokuja na gari la farasi. Hakuvua kofia.

"Eva anasema uje," alisema. "Si mimi. Ni Eva."

Jikoni kwa kina Koehn, Eva hakumkaribisha kiti wala hakumnyima. Alizungumza akiwa amesimama.

"Frieda hali kitu cheupe. Wala maziwa, wala wali, wala mkate usiokuwa na ukoko. Hata chumvi akiiona analia. Daktari anasema tumbo limepona, ila ananiambia nimlishe, nimlishe, na mifupa imeanza kumtoka. Nimembembeleza, nimemchapa, Mungu anisamehe." Alivuta pumzi. "Wewe ndiye uliyemtia woga huo. Sijui mwingine wa kumwita."

Akaweka kitu mezani. Aganetha alinusa: wali wa maziwa, mdalasini kidogo juu yake. Vijiko viwili vililia kwenye mbao. Kisha miguu midogo ikaburutwa, na kiti cha upande wa pili kikakaliwa.

"Frieda," Aganetha alisema.

"Peter anasema wewe ni kipofu," mtoto alisema.

"Peter anasema kweli."

"Vidole vyangu vina mistari. Kwenye kucha. Mistari myeupe, daktari anasema itatoka zikikua. Unaiona?"

"Siioni. Nipe mkono."

Mkono haukuja. Aganetha hakuunyooshea wake. Alipapasa mpaka akakipata kijiko, akachota katikati ya bakuli, akala. Eva alikuwa ameacha kupumua kule karibu na jiko. Wali ulikuwa mzuri, laini, ila aliushika mdomoni kwanza, na ilimbidi ameze mara ya pili ndipo uteremke.

"Umeogopa," Frieda alisema. Alikuwa ameinamia meza. Sauti yake ilitokea karibu. "Nimekuona. Umeogopa."

"Ndiyo."

"Na umekula."

"Ndiyo."

"Sasa tunangoja?"

"Sasa tunangoja. Tuone kama nitaugua."

Wakangoja. Matone ya paa yaliangukia pipa la nje, moja, kisha mengi, kisha moja. Mtoto alimtazama usoni; Aganetha aliuhisi mtazamo ule kama mtu anavyohisi jua upande mmoja wa shavu, naye akageuza uso wake wazi kuelekea huko, ili utazamwe vizuri. Hakutabasamu. Muda mrefu ukapita. Kisha ng'ambo ya meza kijiko kikakwaruza mbao, kikanyanyuliwa, kikagusa ukingo wa bakuli. Hakukisikia kikirudishwa mezani. Aganetha aliinamisha kichwa, akazuia pumzi isimzibe masikio, akasikiliza kama mtoto atameza.